Kumi na nane au ishirini na moja? Kulinganisha umri wa kunywa pombe Kenya

Duka la pombe lililo karibu na steji yetu lina dirisha la wavu wa chuma, na katikati ya wavu pameachwa tundu la kupitisha mkono tu. Noti inaingia, chupa inatoka. Juu ya tundu pamebandikwa karatasi iliyokwisha kugeuka njano: hatuuzii walio chini ya miaka 18. Jioni moja nilikuwa nimesimama hapo nikingoja chenji, kijana mmoja aliyevaa jaketi juu ya sweta ya shule akapenyeza noti mbili za mia. Kola ya shati la sare ilikuwa imechungulia shingoni. Muuzaji hakumuuliza umri. Alimuuliza, "Ya ngapi?"

Kisa hicho kimekuwa kikinirudia tangu Julai 30, 2025, siku Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alipozindua sera mpya ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Sera hiyo, iliyopikwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina mapendekezo mengi: kuzuia pombe isiuzwe kwenye supamaketi, isiagizwe mtandaoni na kuletwa nyumbani na boda, isitangazwe na watu maarufu. Lakini lililozua kelele kuliko yote ni moja: umri wa kununua na kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21. Mitandaoni vijana walicheka na kukasirika kwa pamoja. Siku chache baadaye NACADA ikalazimika kueleza kwamba sera si sheria, na ni kweli. Umri utabadilika pale tu Bunge litakapoigusa sheria ya mwaka 2010.

Kwa hiyo chaguo bado liko mezani. Kwingineko duniani wanaulizana kama umri ushushwe. Sisi tunaulizana kama upandishwe. Ni mizani ile ile, na anayetaka kuchagua kwa haki inafaa aziweke namba zote mbili hapo kabla ya kupiga kelele upande wowote.

Tulipo sasa

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 wengi bado wanaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo. Ndiyo iliyofunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, ikazima taa saa tano usiku, ikafukuza baa umbali wa mita 300 kutoka shuleni, ikapiga marufuku pombe ya vifuko. Umri ukawekwa kuwa miaka 18, ule ule wa kitambulisho, kura na ndoa.

Majirani wengi wako hapo hapo: Tanzania 18, Uganda 18, Rwanda 18. Aliyetoka kwenye kundi ni Ethiopia, ambayo mwaka 2019 ilipandisha hadi 21 na kuondoa matangazo ya pombe redioni na kwenye televisheni. Kwa hiyo leo mtu wa miaka 19 akisimama Moyale upande wa kusini ni mteja halali, akivuka hatua chache kwenda kaskazini anakuwa mkosaji. Kenya ikihamia 21, habari hiyo ya Moyale itahamia Busia, Malaba na Namanga. Busia hasa: pale mtu huvuka mpaka kwenda kununua nyanya, sembuse bia.

Kitambulisho hakisemi kitu kimoja katika umri huu na ule

Nianze na jambo dogo ambalo sijaona likijadiliwa sana, nami naliona kubwa. Kitambulisho cha taifa Kenya hutolewa mtu akifika miaka 18. Maana yake, chini ya sheria ya sasa, muuzaji hahitaji kusoma chochote. Kadi ikiwepo na uso ukifanana, basi. Baunsa anatazama picha, anatazama sura, anapisha. Hata asiyejua hesabu anaweza kuitekeleza sheria hii, akitaka.

Umri wa 21 unamwondolea urahisi huo. Kadi haitoshi tena. Lazima atafute tarehe ya kuzaliwa kwenye maandishi madogo, kwenye taa hafifu, muziki ukimpasua masikio, kisha atoe mwaka kutoka mwaka, na kama ni mwezi wa tano na mteja alizaliwa wa tisa, atoe tena mmoja. Wateja hamsini wako kwenye foleni nyuma. Nani atafanya hivyo Ijumaa usiku? Marekani wameliona tatizo hilo, ndiyo maana majimbo mengi humpa aliye chini ya miaka 21 leseni ya udereva iliyochapishwa kwa wima badala ya ulalo, mlinzi ajue kwa kutupa jicho. Pendekezo la Kenya likipita bila kufikiria kadi, tutakuwa na sheria inayomtegemea baunsa mwenye kikokotoo.

Hapa 18 inashinda, na si kwa kidogo. Sheria inayotekelezeka kwa jicho ina nafuu juu ya sheria inayotaka hesabu.

Lakini namba ina kazi: Marekani na New Zealand

Wanaosema "umri ni namba tu, mlevi atalewa" hawajatazama kilichotokea Marekani. Mwaka 1971 nchi ile ilirekebisha katiba yake ili wenye miaka 18 wapige kura. Ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam, na hoja ilikuwa kwamba kijana anayeitwa jeshini akafe hawezi kunyimwa kura. Kura ilipopatikana bia ikafuata nyuma: kati ya 1970 na 1975 majimbo 29 yalishusha umri wa kunywa, mengi yakashuka kutoka 21 hadi 18 au 19. Mengine yakabaki palepale.

Likawa jaribio ambalo hakuna mtafiti angekubaliwa kulifanya kwa makusudi. Nchi moja, bia zile zile, magari yale yale, ila umri unabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Vijana wa jimbo lenye 21 wakawa wanaendesha hadi jimbo lenye 18, wanakunywa, kisha wanaanza safari ya kurudi nyumbani usiku wa manane. Barabara hizo zikabatizwa mipaka ya damu.

Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani, MADD, baada ya binti yake Cari wa miaka 13 kugongwa na kuuawa na dereva mlevi. (Dereva mwenyewe alikuwa mtu wa makamo. Mijadala ya pombe ina tabia ya kuanzia kwa mzee na kuishia kwa kijana.) Julai 17, 1984, Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria ambayo haikulazimisha jimbo lolote kupandisha umri, ilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu pombe chini ya miaka 21 litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu, hadi asilimia 10. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia bia nyepesi vijana wa miaka 19, ikaenda mahakamani na kushindwa mwaka 1987. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa 21.

Wataalamu wa afya ya umma walipokusanya tafiti zilizofanywa juu ya mabadiliko hayo, waliona kwamba umri ulipopandishwa ajali za kundi lile la vijana zilipungua kwa takriban asilimia 16, na uliposhushwa ziliongezeka kwa takriban asilimia 10. Wapo wanaobisha. Wanasema magari yalikuwa yanaboreka, mikanda ilikuwa imeanza kufungwa, na Canada, ambako umri ni 18 au 19 kutegemea mkoa, vifo vya ulevi barabarani vilipungua vilevile. Wana hoja. Ila haielezi kwa nini umri uliposhushwa ajali zilipanda.

New Zealand ndiyo iliyonibadilisha mawazo mimi. Desemba 1999 ilishusha umri wa kununua pombe kutoka 20 hadi 18. Utafiti uliochapishwa 2006 ukalinganisha ajali zenye pombe kabla na baada, ukiwatumia vijana wa miaka 20 hadi 24 kama kipimo kwa kuwa sheria haikuwagusa. Kwa wenye miaka 18 na 19, ajali za wanaume ziliongezeka kwa asilimia 12 zaidi ya kipimo, za wanawake asilimia 51. Hilo lilitarajiwa. Jambo ambalo halikutarajiwa ni la wenye miaka 15 hadi 17, ambao sheria haikuwaruhusu kitu kabla wala baada: wavulana asilimia 14, wasichana asilimia 24.

Ilikuwaje? Rahisi. Aliye na miaka 16 hana rafiki wa miaka 20, lakini anaye wa miaka 18. Umri wa kisheria huvuja. Ukiuweka 20, unavuja hadi 18 au 17. Ukiuweka 18, unavuja hadi 15.

Lirudishe hilo Kenya. Mwanafunzi wa kidato cha nne mara nyingi ana miaka 17 au 18, na wapo wanaotimiza 18 wangali shuleni, hata wanajiandikisha kuchukua vitambulisho wakiwa bado na sare. Sheria ya sasa inasema mmoja ndani ya bweni ni mteja halali na jirani yake wa kitanda cha juu ni mtoto. Ni nani mzazi asiyejua chupa ile itaishia wapi? Uchunguzi wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulipata kwamba kuna Wakenya walioonja pombe mara ya kwanza wakiwa na miaka 7, na kwamba mmoja kati ya kila 20 wenye miaka 15 hadi 65 tayari ni mraibu wa kileo. Umri wa 21 unamhamisha mnunuzi halali kutoka bwenini hadi mwaka wa tatu chuoni, mbali kidogo na mtoto wa kidato cha pili. Kama ningepewa hoja moja tu ya kuitetea sera ya NACADA, ningechukua hii na kuziacha zote nyingine.

Walakini, sisi si watu wa magari

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote wa kuunga mkono 21 umetoka barabarani, na umetoka kwa vijana wenye magari. Mmarekani wa miaka 19 anaendesha. Mkenya wa miaka 19 anapanda matatu, anabebwa na boda, au anatembea kwa miguu pembezoni mwa barabara isiyo na taa. Hapa Kenya wanaokufa zaidi barabarani ni waendao kwa miguu, na kipimapumzi, kile tulichokiita alcoblow kilipoletwa Desemba 2013, hakimpulizishi mtembea kwa miguu.

Sisemi pombe haimdhuru kijana wetu. Inamdhuru kwa njia nyingine: masomo anayoyaacha, ngono asiyoikubali au asiyoikumbuka, ngumi za saa sita usiku, boda anayoiendesha mwenyewe akiwa amelewa, na ubongo ambao madaktari wanasema unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Lakini ile faida ya asilimia 16 tusiinakili na kuibandika Kirinyaga kana kwamba ni takwimu yetu.

Nimeitaja Kirinyaga kwa sababu.

Pombe isiyo na lebo

Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa, Embu, Kitui, Kiambu na Makueni zikiwamo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani yenye sumu. Februari 2024 kijiji cha Kangai huko Kirinyaga kikazika watu waliokunywa kilabuni, wakaanza kulalamika kwamba hawaoni. Mtu akinywa methanoli macho hutangulia. Mwenzako anakuambia "washeni taa" saa saba mchana. Hao hawakuuawa na umri, waliuawa na kilichokuwa kwenye kinywaji.

Kampuni za pombe halali hulalamika kila mwaka kwamba zaidi ya nusu ya kileo kinachonywewa nchini hakipiti kwenye ushuru. Wana maslahi yao, lakini tulishaona mambo yanavyokwenda. Bia ya pipa ya bei nafuu ilipobuniwa 2004 kwa msamaha wa ushuru, nia mojawapo ilikuwa kumtoa mnywaji kwenye chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Ushuru uliporudishwa 2013 bei ikaruka, mauzo yakaporomoka, na mnywaji hakuhamia kwenye chai. Alirudi alikotoka.

Sasa chukua vijana wa miaka 18, 19 na 20. Leo wananunua kwenye baa yenye leseni, choo, mlinzi na stakabadhi. Kesho ukiwafungia mlango huo, wangapi watasubiri miaka mitatu na wangapi watazunguka nyuma ya soko kwa mama mwenye jerikeni? Mtetezi wa 21 atakuambia kwamba sheria ikitekelezwa na huko nyuma ya soko, shida haipo. Kweli kabisa. Na mimi nikikuambia kwamba mkoba ukijaa pesa, shida haipo, nitakuwa nimesema kweli vilevile.

Katika kipengele hiki 18 ina nafuu ya wazi, ingawa si nafuu ya kujivunia. Tunamlinda kijana kwa bia ili asinywe sumu.

Habari ya haki

Hapa sikai sana. Hoja ya "anapiga kura, anaoa, anaenda jeshini, kwa nini asinywe" ina mvuto, na wanasheria wataileta kwa Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi, umri ukiwa umetajwa kwa jina. Upande wa pili watajibu kwa Kifungu cha 24 kinachoruhusu haki kuwekewa mipaka yenye sababu. Korti itaamua. Ila nikumbushe tu kwamba Japani iliposhusha umri wa utu uzima kutoka 20 hadi 18 Aprili 2022, iliuacha umri wa pombe na sigara palepale kwenye 20. Kuwa mtu mzima na kuwa mteja wa baa si lazima viende pamoja.

Na wazee wetu wangezishangaa namba zote mbili. Muratina ya Wagikuyu haikuwa ya kijana mwenye miaka 21. Ilikuwa ya mzee aliyekwisha kulea. Ukiwakuta wazee wa Kikalenjin wamezunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, kijana alikuwa wa kutumwa, si wa kunyonya. Kwa Wamijikenda mnazi ulipita kwenye mahari na matanga, na aliyeunywa alijulikana ni nani na ameketi wapi. Umri haukuhesabiwa kwa miaka, ulihesabiwa kwa wajibu. Tuliporithi miaka 18 hatukuirithi kutoka kwa mababu, kwa hiyo asitokee mtu akaitetea kama mila.

Chuoni

Wanafunzi wengi wanaingia chuo kikuu na miaka 18 au 19. Kwa 21, darasa moja linagawanyika: nusu wanaingia klabuni, nusu wanabaki mlangoni, na mwaka unaofuata mstari unasogea. Marekani wanaijua hali hiyo kwa undani. Mwaka 2008 marais wa vyuo zaidi ya 100, wakiongozwa na John McCardell aliyewahi kuongoza chuo cha Middlebury, walitia sahihi tamko la kutaka umri wa 21 ujadiliwe upya. Walilalamika kwamba sheria haikuondoa ulevi chuoni, iliuhamisha: kutoka baa yenye mhudumu anayeweza kukwambia "umetosha" hadi chumba kilichofungwa, ambako chupa nzima ya pombe kali inamalizwa haraka kabla ya kutoka.

Aliyepanga chumba Juja, Kahawa au Rongai hahitaji kuelezwa. Mzinga mmoja, yaani chupa kubwa ya pombe kali, vikombe vya plastiki, spika ya bluetooth, watu kumi na wawili kitandani na sakafuni, na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kusema basi. Tayari tunayo hayo tukiwa na 18. Umri wa 21 utayaongeza, na kama maagizo ya mtandaoni yatazuiwa, atakayeleta mzinga ni yule mwenye miaka 22 wa chumba cha pili, kwa bei yake.

Kuna waliokataa kuchagua

Kati ya namba mbili hizi, kuna nchi zilizosema hapana, tugawe.

Sweden inamruhusu mwenye miaka 18 kunywa akiwa ameketi baa au mkahawani, lakini kwenye maduka ya serikali ya Systembolaget, unakobeba chupa kwenda nayo nyumbani, lazima uwe na 20. Mantiki yake ni kwamba baa ina macho na chumba hakina. New Zealand nusura ifuate njia hiyo: Agosti 2012 wabunge walipigia kura njia tatu, 18 kwa wote, 20 kwa wote, au 18 baa na 20 dukani. Njia ya tatu ilipata kura 33 katika duru ya kwanza ikaanguka; duru ya mwisho 18 ikashinda kwa 68 dhidi ya 53. Hiyo ni nchi iliyokuwa na takwimu zile za ajali mkononi, na bado haikurudi nyuma.

Norway inagawa kwa ukali wa kinywaji: bia na divai kwa miaka 18, pombe kali kwa 20. Ujerumani inashuka zaidi, bia kwa miaka 16 na pombe kali kwa 18, lakini mkondo wa Ulaya unaelekea juu: Italia iliacha 16 mwaka 2012, Uholanzi 2014, na Lithuania ikaruka kutoka 18 hadi 20 mwaka 2018. Anayetaka Kenya ishuke hadi 16 kwa mfano wa Mjerumani anaazima kofia bila kichwa. Yule mtoto wa Ujerumani anaanza na glasi ya bia mezani kwa wazazi. Wetu anaanza na kichupa kilichopenyezwa tunduni.

Ningeulizwa mimi, ningechukua ya Norway kabla ya ya Sweden. Ya Sweden ingekuwa nzuri kama baa zetu zingeuza kwa glasi, lakini klabu zetu zinauza mzinga mzima mezani, kwa hiyo macho ya baa hayasaidii sana. Kinachowaangusha vijana wetu si chupa ya bia ya nusu lita inayojaza tumbo na kupunguza mfuko. Ni kile kichupa cha mililita 250, bei ya nauli ya kwenda na kurudi mjini, kinachoingia kwenye mfuko wa suruali ya shule bila kuonekana. Bia na divai zibaki 18. Pombe kali ziende 21. Mkondo uvuje ukivuja, lakini uvuje bia.

Ukiwa mzazi wa mtoto aliye shuleni, nadhani 21 kwa pombe kali ndilo jambo la kumdai mbunge wako, kwa sababu linaiondoa chupa bwenini. Ukiwa mwenye baa, nafuu yako ni kwamba mauzo ya bia hayaguswi, na mzigo wako ni kumfunza mhudumu kusoma tarehe. Ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza utaniona adui, na sikulaumu. Ukiwa mbunge na umebakiwa na mawili tu, 18 au 21 kwa kila kitu, basi baki na 18, hadi siku utakaponionyesha duka moja kwenye njia yangu ya kwenda kazini ambalo hiyo 18 yenyewe inafuatwa.

Wiki iliyopita nilipita tena pale steji. Nikamuuliza muuzaji, ikija 21 atafanyaje. Akasema lete kitambulisho chako nikuonyeshe. Nikampa kupitia tunduni. Akakigeuza, akakisogeza chini ya balbu, akatafuta tarehe, akaanza kuhesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi. "Mzee, wewe umefika," akasema hatimaye, akinirudishia kadi, na kabla sijaishika vizuri mkono mwingine, mwembamba, ulikuwa umeshapita chini ya wangu na noti mbili za mia.